Msiba wa Bwana Imeisha

Asalaam aleikum, ndugu zangu Waislamu. Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa Mgeta na Matombo mlioshuka asubuhi hii na baridi yenu. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za nyumbani.

Mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana ameniomba nitoe ushuhuda, na ameniomba pia niwe mfupi. La kwanza naliweza. La pili, mnaosoma makala zangu za gazetini, zile ambazo mama wa pale stendi anafungia maandazi, mnajua kwamba sina kipaji hicho. Nitajitahidi.

Sitamtaja mtu kwa jina. Si kwa sababu ya siri, maana mji huu hauna siri; mtu akipiga chafya Bigwa, Msamvu wanauliza ametumia dawa gani. Ni adabu tu. Wahusika wengine wamo humu ndani, na mmoja wao, yule bwana mnene aliyekaa karibu na birika la chai, nawaombeni msimwongezee kikombe mpaka nimalize.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mfamasia. Nina duka la dawa karibu na soko. Nilizaliwa Kinole, nikasomeshwa na ukoo wa mama yangu mpaka chuo kikuu, nikarudi na shahada na miwani. Miwani sikuihitaji sana wakati ule, ila ilipendeza pamoja na shahada. Kisha nikaingia jeshini, kitengo cha dawa. Mama aliposikia naenda jeshini alilia. Aliposikia kazi yenyewe ni kutunza vidonge alifuta machozi akasema, "Kumbe! Hiyo siyo vita, hilo ni duka."

Alikosea kidogo.

Tulipelekwa Kongo, upande wa mashariki, kulinda amani. Amani yenyewe sikuiona, lakini tuliilinda. Hospitali yetu ilikuwa mahema juu ya tope jekundu, na kazi yangu ilikuwa kujua kilichopo na kilichobaki. Mvua ilikata barabara, mapigano yakamalizia pale mvua ilipoishia, na magari ya dawa yakaacha kufika. Daktari wetu mkuu hakuwa ananisalimia asubuhi. Alikuwa ananiuliza, "Afande, tuna nini?"

Siku moja aliletwa askari aliyejeruhiwa mkono, anapiga kelele. Tukampa sindano ya maumivu. Ilikuwa ya mwisho. Hatukukosea kumpa, mgonjwa alikuwepo na dawa ilikuwepo. Kabla ugali wa mchana haujapoa wakaletwa wengine, na mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu, wa milima hii hii. Tulikuwa tukiongea Kiluguru tukitaka kuwasema wakubwa. Yeye alikuwa ameumia tumboni. Aliponiona, alifurahi.

Ndugu zangu, nawaambia, hilo ndilo lililonishinda kulibeba. Damu niliizoea. Lakini yule alifurahi. Alimwona mtu wa nyumbani, tena ndiye mwenye ufunguo wa dawa. Akaniambia, "Nipe kitu, ndugu yangu." Nikamwambia, "Imeisha." Akadhani namtania.

Alifariki jioni. Daktari aliniweka chini akanieleza kwamba sindano isingemwokoa, ingempunguzia maumivu tu, na kwamba hakuna aliyefanya kosa. Nilimwelewa vizuri sana. Nina shahada. Kuelewa hakukunisaidia chochote.

Muda wangu jeshini ulipokwisha nikarudi nyumbani, nikafungua duka. Mwanzo mambo yalikwenda. Watu walipenda duka la mwanajeshi; walisema lina usafi na hakuna ujanja. Nami nilikuwa nalala, nakula, naandika makala za kuwakosoa watu ambao hawajanikosea. Nikasema, basi, Kongo imebaki Kongo.

Ikaja masika moja ya nguvu. Mzigo wangu wa dawa kutoka Dar ukachelewa. Si jambo la ajabu, kila mwenye duka hapa analijua. Wenzangu waliwaambia wateja "njoo kesho" wakaendelea kunywa chai. Mimi nilitazama shelfu zinavyopungua. Nikachukua boksi la mwisho la dawa ya kuharisha ya watoto nikaliweka chini ya kaunta. Nikajiambia, hili namwekea atakayekuja na hali mbaya zaidi.

Mzigo ulifika. Boksi sikulirudisha juu.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuweka. Kila dawa, ya mwisho ilikuwa haiuzwi. Kisha ya mwisho na iliyo kabla yake. Kisha nikaanza kuwapima wateja kama nilivyowaona madaktari wakiwapima majeruhi, nani aanze, nani asubiri. Tofauti ni kwamba wateja wangu walikuja na mafua.

Kuna mama mmoja anapika chakula pale sokoni, mnamjua. Alikuja akasema, "Nipe panadol."

Nikamuuliza, "Kichwa kinauma sana?"

"Kinauma."

"Kiasi gani? Unaona giza?"

"Nakuona wewe."

"Umekunywa maji?"

"Baba, nimekuja kununua panadol, sijaja kuomba kazi."

Nikafikiri. Nikamwambia, "Imeisha."

"Na ile nyuma yako?"

"Ile ni ya watu wengine."

"Watu gani?"

"Watakaokuja."

Yule mama aligeuka akatazama barabara, huku na huku, kwa utulivu kabisa. Hakukuwa na mtu anakuja. Akaondoka, na kabla ya saa sita soko zima lilikuwa na habari. Nikapewa jina: Bwana Imeisha. Vijana wa bodaboda walikuwa wakipita wananiamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, Bwana Imeisha!" Nami, mtu mzima, msomi, naitika, "Marahaba."

Cheka, mama, cheka. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka. Wakati ule nilikuwa naona mji mzima umekosa akili, mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba kuna mtu yuko njiani anakuja na jeraha la tumbo, na akifika nitakuwa nacho.

Chini ya kitanda nilikuwa na sanduku langu la bati la jeshini. Chini ya kaunta palipojaa, nikahamishia humo. Mke wangu ni mwalimu, na walimu huwa hawapekui, wanakagua. Siku moja nilirudi nyumbani nikalikuta sanduku limefunguliwa katikati ya chumba, naye amekaa kitandani na vikasha mapajani.

"Baba watoto," akasema, "hizi zote zimepitwa na muda."

Nikavua miwani nikaifuta.

"Umemwekea nani?"

"Atakayekuja."

"Nani?"

"Sijui. Mwenye hali mbaya zaidi."

Nilitegemea agombe. Hakugomba. Alirudisha vikasha kimoja kimoja ndani ya sanduku kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Akasema, "Huyo mtu hajaja, na dawa zake zimekufa zikimsubiri. Mimi nimeolewa na mfamasia. Mwenye nyumba anasema kuna mtu anataka ile fremu ya duka aweke saluni. Mwezi huu ukiisha, uwe unauza dawa au tumpe mtu wa saluni funguo."

Sasa wale mnaofikiri hilo ni jambo la biashara tu, hapana. Duka lile ndilo kitu pekee kilichobaki kati yangu na kulala kutwa nikitazama dari. Nililijua hilo, naye alilijua. Lakini kesho yake alikuja mtu na cheti cha daktari, dawa ninayo, na mkono wangu ukakataa kuifikia. Sisemi nilikataa. Mkono ulikataa. Nikaona saluni inakuja.

Mke wangu akatuma habari Kinole kwa mjomba wangu. Wenzangu Waluguru mnaelewa; kwetu baba ni baba, lakini jambo likishindikana linakwenda kwa mjomba. Mjomba akashuka na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye kiti cha wateja asubuhi nzima. Akanitazama ninavyowafukuza watu. Mchana akachukua kofia yake.

"Mpwa wangu," akasema, "mimi naweza kukupa shamba. Naweza kukugombeza. Hili lako siliwezi. Mjomba akimwambia mpwa wake 'umekufa', amemlaani. Hili ni la mtani."

Vijana, nyie mnaojua utani wa kwenye simu tu, sikilizeni kidogo. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Ukifiwa, mtani anakuja msibani kukutukana, kumkejeli marehemu, kulala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe chake, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unadaiwa faini. Lipo neno ambalo ndugu yako hawezi kukuambia mkabaki ndugu. Mtani anakuambia, mnabaki watani.

Mtani wangu ni huyu bwana wa karibu na birika. Ananunua karanga Gairo, anauza Dumila na hapa mjini, na katika maisha yake yote hajawahi kunisalimia vizuri. Salamu yake ni, "Mluguru, mguu mfupi umeamkaje?" maana wao wanaamini sisi, kwa kutembea kwenye mteremko, mguu mmoja umebaki mfupi. Nami namjibu, "Umeamka salama, mpagazi, mzigo wako uko wapi?" maana mababu zao Wanyamwezi walikuwa wabeba mizigo wa misafara. Ndiyo heshima yetu.

Asubuhi moja nimefungua duka, nikasikia kilio. Kilio cha msiba. Nikatoka nje. Mkeka umetandikwa mbele ya mlango wangu. Watu wa soko wamekaa kwenye mabenchi, akina mama wamejifunga kanga kichwani. Na katikati yupo mtani wangu amevaa gunia la karanga, amejipaka majivu mpaka kwenye masikio, anagaagaa.

"Jamani Mluguru wangu! Amekufa na dawa zake! Nitamtukana nani sasa?"

Nikamwambia, "Mtani, mimi niko hapa."

Akawageukia watu. "Mnaona? Na mzimu wake umeshaanza kusumbua."

Akasimama akasoma wasifu wa marehemu. Hakuwa na karatasi, alikuwa anasoma kiganja chake. "Marehemu alizaliwa mlimani, mguu mmoja ukitangulia kufika bondeni. Akasoma sana. Akavaa miwani ili tujue. Akaenda vitani. Wengine wanasema alirudi. Mimi mtani wake nasema hapana, mimi nilikwenda kumpokea stendi. Lililorudi ni sanduku."

Watu walikuwa wanacheka. Pale hawakucheka. Na mimi nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira, nikaikosa.

Akaingia dukani bila hodi, akatoka anakokota sanduku langu la bati. Mke wangu alikuwa amelileta usiku kwa bajaji akalificha stoo, mimi sina habari. Na msiniulize nilikuwa wapi, nilikuwa nakoroma juu ya kitanda kile kile. Akaliweka juu ya mkeka, akalifunika kwa kanga, akalikalia.

"Maiti hii haiendi popote," akasema, "mpaka mtani nipewe changu."

Nikasema, basi yaishe, nikaingiza mkono mfukoni.

"Sitaki pesa zako. Nimelia tangu alfajiri. Kichwa kinaniuma. Nataka panadol."

Ndugu zangu, mdomo ni kiungo kisicho na aibu. Ukafunguka wenyewe ukauliza, "Kinauma sana?"

Lile soko lilivyocheka, sijawahi kusikia. Yule mama wa chakula alianguka kutoka kwenye benchi. Mjomba wangu, ambaye nilikuwa sijamwona, alikuwa amejificha nyuma ya mti wa mwarobaini amefunika uso na kofia, mabega yanatikisika. Mtani, kwa ushindi, akachota majivu akayarusha juu, "Mmesikia wenyewe! Mfu huyo!" Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka.

Majivu yakatua. Na kwenye benchi la mwisho, mama mmoja wa Mgeta aliyekuwa ameshuka na kabichi zake, amekuja kutazama tu kama watu wengine, akaanza kukohoa.

Kwanza tulidhani anacheka. Kisha nikasikia mluzi kifuani. Ile sauti naijua. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, mabega yanapanda, na kila akitaka kusema, neno linakatika. Mwenzake akatuambia ana pumu na pampu yake ya kuvuta imeishiwa dawa tangu juzi, na alikuwa aje anunue kwangu, lakini watu wamemwambia asihangaike.

Nilikuwa na pampu moja tu. Zile nyingine zilikuwa ndani ya sanduku zimepitwa na muda. Hii nilikuwa nimeificha ndani ya kopo la biskuti nyuma ya mizani. Nikaingia, nikaifikia, nikaishika. Na miguu ikasimama pale pale nyuma ya kaunta.

Naweza kuwaeleza nilichofikiri, ingawa siyo cha kujivunia. Nilifikiri: huyu bado anasimama. Je, akija asiyeweza kusimama?

Mtani wangu alikuwa amenifuata hadi mlangoni. Majivu usoni, gunia mwilini, lakini utani ulikuwa umemtoka kabisa. Alisema taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba, "Mluguru. Huyu ndiye."

Nikamtazama.

"Yule uliyemwekea. Ndiye huyu. Amefika."

Sijui kama kuna daktari angesema neno hilo. Mimi niliambiwa mengi yenye akili zaidi, na daktari mkuu, na vitabu. Lakini miguu ilikwenda. Nikapiga magoti kwenye mkeka wa msiba wangu mwenyewe, nikamkalisha yule mama wima, nikampulizia, tukasubiri, nikampulizia tena. Mwenzake anamsugua mgongo. Baada ya kitambo mluzi ukaanza kushuka, naye akavuta pumzi moja ndefu, akanitazama, akasema, "Kumbe ilikuwepo."

Tukampandisha bajaji kwenda hospitali akaangaliwe zaidi, pampu mkononi. Anaendelea vizuri. Yupo hapa leo, na kila akishuka sokoni ananiachia kabichi kubwa kuliko familia yangu.

Lakini ushuhuda wangu haujaishia hapo, na hiki ndicho nilichotaka mkisikie. Mchana ule ule alikuja bwana mmoja, msafiri wa Dumila, anataka pampu ya pumu. Nikamwambia, "Imeisha." Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ilikuwa kweli. Nikashika kaunta nikasubiri kitu kibaya kitokee.

Akaniuliza, "Sasa nitaipata wapi?"

Kongo hakuna aliyeniuliza swali hilo, maana halikuwa na jibu. Nje ya hema letu palikuwa na tope tu. Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, mita chache, pana duka la dawa la mshindani wangu, limekuwepo miaka yote, lina taa na bango la kijani. Nilikuwa nimekaa nalitazama kila siku na sijawahi kuliona. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikavuka barabara na yule bwana.

Mwenye duka aliponiona alishtuka. "Karibu, Bwana Im... karibu, jirani."

"Una pampu za pumu?"

"Ninazo. Unataka ngapi?"

Machozi yakanitoka mbele ya mshindani wangu wa biashara. Alidhani nimefilisika. Akaniletea maji.

Msidhani nilipona siku hiyo. Nilianza kwenda hospitali kwa mtaalamu wa mambo ya akili, na nilikaa kwenye lile benchi la nje nikijificha na gazeti, nikiomba asipite mteja. Wakapita wengi, na wengine walikaa nami kwenye foleni. Bado zipo asubuhi za masika ambazo mkono unakwenda chini ya kaunta wenyewe. Siku hizi naurudisha. Dawa zilizoharibika tulizikabidhi zikateketezwe kwa utaratibu wake. Sanduku alilichukua mtani, kama ada ya maziko, anawekea karanga.

Namshukuru mke wangu, aliyeuliza swali moja na kusubiri jibu. Namshukuru mjomba, aliyejua lisilo lake. Namshukuru daktari wa lile benchi, na jirani yangu wa ng'ambo, ambaye sasa akiishiwa ananipigia, nami nikiishiwa nampigia. Yule wa kwetu aliyebaki kule, namkumbuka. Nimeshakwenda kwao mlimani, nikamweleza mama yake kwamba mwanawe alipofika kwetu alifurahi kumwona mtu wa nyumbani. Ni kweli, na ndiyo yote aliyotaka kujua.

Najua humu ndani zipo familia zenye mtu aliyerudi, na chakula anakula, na salamu anaitika, lakini mnaona kabisa kwamba lililorudi ni sanduku. Msimhimize asimulie alichokiona. Tazameni anaficha nini, halafu mkae naye mumuulize: umemwekea nani? Na wewe uliyerudi, kama umo humu, nakuomba uvuke barabara. Dawa unayoilinda peke yako, jirani yako anayo pia.

Mwenyekiti, namalizia. Naona mtani wangu ameshika paji la uso tangu katikati, anasema maneno ya Mluguru yamempa kichwa. Nilijua atasema hivyo. Panadol hizi hapa, zipo mfukoni mwa koti tangu asubuhi. Mpelekeeni, na mumpe na chai yake. Wala sitamuuliza kama kinauma sana.